Darasa Lenye Presha Moja

Siku za Jumamosi nyumba ya fundi wa kuchomelea haikuwa na utulivu. Uani fundi aligonga chuma. Sebuleni mkewe alikanyaga cherehani. Ukitaka kusema jambo ilibidi upaze sauti, au usubiri hadi chakula kiive.

Jumamosi hiyo binti yao alikuwa amekuja nyumbani kutoka chuo cha uuguzi. Tangu utotoni walimwita Sindano, kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, majirani walicheka sana. "Mbona jina mlishampa mapema!" walisema.

"Haya, muuguzi," baba yake alisema huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Hebu tuone unachosomea huko. Nipime presha."

Baba alikuwa mgonjwa wa presha. Kila asubuhi alimeza vidonge, na kila asubuhi alinung'unika. Sindano alifungua begi akatoa mashine ya presha na stethoskopu, kile kifaa cha masikioni cha kusikilizia mapigo. Alivaa kifaa masikioni. Akafunga mkanda juu ya mkono wa ovaroli ya baba yake. Akapampu, mkanda ukajaa upepo. Kisha akaanza kuuachia.

Alisikia cherehani ya mama. Alisikia jogoo wa jirani. Mapigo hakuyasikia.

"Ngapi?" baba aliuliza.

Mama alisimamisha cherehani. Wote wawili walikuwa wanamtazama, na macho yao yamejaa furaha.

"Mia na ishirini kwa themanini," Sindano alisema.

"Hiyo ni nzuri?"

"Nzuri kabisa, baba."

"Umesikia, mama Sindano? Nzuri kabisa! Mimi bado kijana."

Baba alirudi uani akipiga mluzi. Sindano alirudisha vifaa kwenye begi.

Jambo hili halikuanzia nyumbani. Lilianzia chuoni.

Sindano alikuwa na miezi michache tu chuoni, na bado alikuwa hajayazoea maisha ya kule. Bwenini walilala wasichana wanne chumba kimoja. Kuoga ni foleni, kupiga pasi sare ni foleni. Shuleni kwao Sindano alikuwa wa kwanza darasani. Hapa kila mtu alikuwa wa kwanza shuleni kwao. Mwalimu alipouliza, "Mmeelewa?" wenzake waliitikia kwa pamoja, "Ndiyooo!" Sindano naye aliitikia, hata pale ambapo hakuelewa chochote. Aliona aibu kuwa yeye peke yake.

Hata lengo lake la maisha aliliazima. Siku ya kwanza mwalimu aliwauliza mmoja mmoja wanataka kuwa wauguzi wa nini. Msichana aliyekaa kabla yake alijibu, "Wa chumba cha upasuaji." Sindano alikuwa hajafikiria lolote. Akasema, "Na mimi wa chumba cha upasuaji." Usiku aliota amevaa gauni la kijani, na hajui ashike nini.

Yeye na rafiki yake wa karibu bwenini waliitwa mapacha. Rafiki huyo walimbandika jina la Redio, kwa sababu hakuzimika. Aliongea akipiga mswaki, aliongea akilala. Kwenye chumba cha mazoezi, Sindano na Redio walikaa pamoja. Siku ya kwanza ya kupimana presha, Sindano hakusikia mapigo. Akachungulia karatasi ya Redio. Imeandikwa mia na ishirini kwa themanini. Naye akaandika hivyo hivyo. Tangu hapo, kila aliyepimwa na Sindano alikuwa na mia na ishirini kwa themanini.

Baba yake naye akapata hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa mazoezi aliingia darasani na rundo la karatasi. Alikuwa muuguzi mwenye miaka mingi kazini. Wanafunzi walimwita Sista Polepole, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alipanga karatasi mezani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Jamani," alisema, "kuna jambo linanishangaza. Safu ya mbele, mia na ishirini kwa themanini. Safu ya kati, mia na ishirini kwa themanini. Safu ya nyuma, vilevile. Darasa hili mlifyatuliwa kwenye kibao kimoja, kama matofali?"

Kicheko kilianza, kikafa.

"Siulizi ili niwaadhibu. Nauliza ili nijue pa kuanzia. Nani hakusikia mapigo?"

Kwa mara ya kwanza hata Redio alinyamaza.

Sindano alimfikiria baba yake akipiga mluzi uani. Akanyoosha mkono. "Mimi, Sista. Sijawahi kuyasikia hata mara moja."

Redio alimgeukia, macho yamemtoka. "Hukusikia? Na mimi nilikuwa naangalia kwa jirani yangu!" Jirani yake naye akanyoosha mkono. Halafu mwingine. Mwishowe mikono ilikuwa mingi kama ya watoto wanaogombea pipi.

Sista Polepole aliketi. Uso wake haukuonyesha hasira. "Sasa darasa limeanza," alisema.

Kipindi kilipokwisha, Sindano alimfuata mlangoni. "Sista, kuna jambo baya zaidi. Nilimpima baba yangu nyumbani. Nikamwambia presha yake ni nzuri kabisa."

"Anatumia dawa?"

"Ndiyo."

"Mpigie simu sasa hivi. Uliza kama bado anazimeza."

Sindano alipiga. Mama ndiye aliyepokea.

"Dawa?" mama alisema. "Aliziacha siku ile ile uliyompima. Anasema binti yake amempa ruhusa."

"Ameziacha, Sista," Sindano alisema. Sista alichukua simu kwa upole.

"Habari, mama. Mimi ni mwalimu wa Sindano. Naomba unijibu taratibu. Mzee anaumwa kichwa sana? Kifua kinambana? Macho yanaona ukungu? Upande mmoja wa mwili umelegea, au ulimi unakuwa mzito akiongea?"

"Hapana, mwalimu. Yuko uani anagonga vyuma vyake."

"Basi tumshukuru Mungu. Ukiona hata kimoja kati ya hivyo, ni hospitali hapo hapo, msisubiri. Kama hakuna, leo hii aende kliniki. Na asije akameza dozi mbili kwa pamoja ili kufidia zile alizoruka. Huko kliniki watamwelekeza."

Sista alimpa Sindano ruhusa ya kwenda nyumbani. Sindano alimkuta baba yake ameinama juu ya fremu ya dirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekuja? Leo si Jumamosi."

"Baba, siku ile nilipokupima sikusikia kitu. Nilikudanganya."

Fundi alizima mashine. Alivua miwani yake nyeusi polepole. "Sasa ile namba uliitoa wapi?"

"Kwa Redio."

"Redio gani tena? Inatangaza presha za watu?"

"Ni rafiki yangu, baba. Tunalala chumba kimoja."

Fundi alimgeukia bintiye. "Kwa hiyo siku zote hizi natembea na presha ya msichana wa bwenini?"

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishindwa kujizuia, akacheka. Lakini fundi hakucheka. Alikaa juu ya kopo la rangi.

"Wale wa kliniki huwa nawabishia," alisema. "Wewe sikukubishia. Neno lako nililichukua moja kwa moja."

Maneno hayo yalimuuma Sindano kuliko kofi. Machozi yalimtoka. "Nisamehe, baba. Niliona aibu kusema sijui."

"Aibu kwangu? Mimi niliyekubeba mgongoni?" Fundi alishusha pumzi. "Basi futa machozi. Dirisha hili kiungo chake kingekuwa kibovu, na mimi nikampa mteja hivyo hivyo, lingemwangukia mtoto wa mtu. Umeniambia kabla halijaanguka. Hilo nimelipokea."

"Na wewe je?" mama alimgeukia mumewe. "Ulikuwa unatafuta kisingizio tu. Zile dawa huzipendi tangu mwanzo."

"Zinanipeleka msalani kila mara!" fundi alilalamika. "Naacha chuma cha moto, nakimbia. Nikirudi kimeshapoa. Mtu atafanyaje kazi?"

"Hayo umewaambia kliniki?"

Fundi alienda kunawa.

Kliniki wote watatu walikuta watu wamekaa kwenye mabenchi. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchangamka. Alimjua kila mgonjwa wake. Mmoja alimuuliza habari za goti, mwingine habari za mjukuu. Sindano alimtazama bila kupepesa macho.

Zamu ya fundi ilipofika, muuguzi hakuanza kupima. "Kaa kwanza, mzee. Upumzike dakika kama tano. Mgongo uegemee kiti. Usikunje nne, nyayo zote chini. Mkono juu ya meza, nguo tutaipandisha. Na tukipima, hakuna kuongea."

"Hata kidogo?" fundi aliuliza.

"Hata kidogo. Kuongea kunapandisha namba."

Alipima, akasubiri kidogo, akarudia. Presha ilikuwa imepanda, tena sana. Aliwapeleka kwa daktari, naye akamchunguza fundi vizuri. Hakukuta madhara mengine.

"Kwa nini uliacha dawa?" daktari aliuliza.

Sindano alitaka kujibu, lakini baba yake alimtangulia. "Niliambiwa presha ni nzuri. Nikaona nimepona."

"Mzee, sikiliza. Hata kama namba ile ingekuwa ya kweli, dawa usingeiacha. Presha ikiwa nzuri huku unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Ukiiacha, inapanda tena. Na presha haina kelele. Unaweza kujisikia mzima kabisa, huku ndani inaharibu moyo, figo na ubongo."

Mama alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza.

"Kuna jambo jingine," fundi alisema, akikohoa. "Hizo dawa zinanikimbiza msalani."

"Ungeniambia tangu zamani! Unazimeza saa ngapi?"

"Nikianza kazi."

Daktari alimpangia azimeze alfajiri, akiamka, ili shida ya msalani iishe kabla hajawasha mashine. Alimwambia pia apunguze chumvi, asiiongeze mezani. "Na dawa ikikusumbua, njoo useme. Usijiamulie peke yako."

Sindano alirudi chuoni siku ya pili. Sista Polepole alimngoja kwenye chumba cha mazoezi, akiwa na stethoskopu ya ajabu. Ilikuwa na masikio ya watu wawili. Mwalimu na mwanafunzi waliweza kusikiliza kwa pamoja. Redio alijitolea kupimwa.

"Kwanza nionyeshe unavyokivaa kifaa," Sista alisema.

Sindano alivaa. Sista akatabasamu. "Umekivaa kinyumenyume. Vichwa vya masikioni vielekee mbele, kule pua iliko. Ukivigeuza, sauti haipiti vizuri."

Sindano alivigeuza. Chumba kikawa kama kimefungwa mlango.

"Sasa weka vidole hapa, ndani ya kiwiko. Mshipa unadunda?"

"Unadunda!"

"Kifaa kikae hapo hapo, juu ya ngozi. Si juu ya nguo. Jaza upepo. Achia polepole. Wewe Redio, funga mdomo."

Mshale wa mashine ulishuka. Kimya. Kimya. Halafu, mbali kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu: du. Du. Du. Du.

Sindano aliinua macho. Sista aliinamisha kichwa kukubali, kwamba naye anasikia. Sauti zikaendelea, zikafifia, zikapotea.

"Pigo la kwanza ndiyo namba ya juu. Sauti ilipopotea, ndiyo ya chini. Redio ana ngapi?"

"Mia na kumi kwa sabini," Sindano alisema.

Redio alirukaruka. "Kumbe ile mia na ishirini haikuwa hata yangu!"

Kuanzia hapo Sindano alibadilika. Darasani alipokuwa hajaelewa alisema, "Sista, hapo bado." Mara nyingi nyuma yake kulisikika watu wakishusha pumzi, maana nao walikuwa hawajaelewa. Jioni yeye na Redio walifundishana. Mmoja anaeleza, mwingine anauliza maswali kama mgonjwa. Redio alikuwa mgonjwa msumbufu sana, na hilo liliwasaidia wote wawili. Alama zao zilipanda.

Muhula ulipokaribia kwisha, Sista alimuuliza kama bado anataka chumba cha upasuaji.

"Hapana, Sista. Lile nililisema tu. Nataka kliniki ya presha na sukari. Nataka kuwa na wagonjwa wanaorudi kila mwezi, niwajue, wasiogope kuniambia dawa inawasumbua."

"Hiyo ni kazi ya uvumilivu. Hakuna anayekupigia makofi."

"Najua. Nilimwona anayeifanya."

Nyumbani, fundi alikuwa anameza dawa alfajiri. Presha yake ilishuka kila alipoenda kliniki. Chumvi ndiyo ilikuwa bado vita, lakini mama alikuwa amelificha kopo lake, na fundi hakujua lilipo.

Kisha ikafika asubuhi ya kwanza ya wanafunzi kuingia wodini. Sindano alipewa bibi mmoja mdogo wa umbo, mwenye macho makali. Alimwamkia, akajitambulisha kuwa ni mwanafunzi. Alimpandisha mkono wa gauni, akatafuta mshipa, akaweka kifaa, akajaza upepo. Kitanda cha pili mtu alikohoa kwa nguvu. Pigo la kwanza likampita.

Bibi alikuwa anamtazama. "Umesikia, mjukuu wangu?"

Sindano aliachia upepo wote wa mkanda.

"Bado, bibi. Limenipita. Naomba upumzike kidogo, kisha nirudie."

Bibi alijiegemeza kwenye mto, akanyoosha mkono wake vizuri juu ya shuka.

"Rudia, mjukuu wangu," alisema. "Muuguzi wa jana alipima mbio mbio kama anafukuzwa. Wewe nitakungoja."