Sauti Kwanza

"Kaza kidogo," alisema mfamasia. "Bado naona mwanga kwa chini."

Mchumba wake akalikaza fundo la kitambaa kisogoni mwake.

"Na sasa?"

"Giza totoro."

"Karibu kwetu."

Waliokuwa karibu wakacheka. Ilikuwa siku ya mwisho ya juma la matembezi ya mlimani. Juma zima kila asiyeona alitembea na mwenye macho wake, wameshika fimbo moja, mwenye macho mbele. Siku ya mwisho kazi hugeuzwa. Wenye macho hufungwa vitambaa, na wasioona huwaongoza hadi kibandani, wakifuata kamba iliyofungwa kando ya njia.

"Sheria ni ileile," alisema kiongozi wa msafara, waliyemwita Kamanda. "Sauti kwanza. Usimguse mtu kabla hujasema wewe ni nani. Mmenisikia?"

"Kukusikia tunakusikia, Kamanda," alijibu mwalimu mstaafu, kipofu tangu utotoni. "Kukuona ndiko kazi."

Sheria hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla moyo binti asiyeona, mchumba wa mfamasia. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, na sauti zilikuwa mkate wake. Mdogo wake wa kike, aliyekuja kumwongoza mwalimu, nyumbani alikuwa chiriku. Huku mlimani, kila alipokaribia mfamasia aligeuka bubu. Na mara kadhaa fimbo ilikuwa imelala upande, kama inavyolala mwenye kuishika anaposhika kitu kingine kwa mkono wa pili.

"Nani yuko hapo?" alikuwa akiuliza.

"Hakuna mtu, mpenzi. Upepo tu."

Sasa simu ikalia mfukoni mwa binti, kisha sauti yake kavu ikasoma: "Ujumbe kutoka kwa Mama. Fundi anauliza mikono ya gauni iwe mirefu au mifupi. Jioni hii anakata."

"Mifupi," akasema mfamasia. "Una mikono mizuri."

"Nitamjibu tukifika."

Wakaondoka. Mwalimu na mdogo mtu walikuwa wametangulia. Njia ilipopanuka penye majani, binti akasimama.

"Shika kamba unisubiri. Namfuata Kamanda, nina kiu."

"Usikawie. Hapa nimekuwa kama mtoto."

Akaenda huku akigonga fimbo chini, hatua chache. Kisha akainyanyua, akarudi juu ya majani bila kishindo. Hakusema neno. Akaweka kiganja kwenye shingo ya mwanamume aliyekuwa amuoe mwezi ujao.

Mfamasia hakushtuka. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Aliuegemeza uso wake kwenye kiganja.

"Umevua kitambaa, mjanja wewe," akanong'ona. "Dada yako hayuko mbali. Yule masikio yake ni macho."

Kiganja kikabaki palepale.

"Usininunie. Nimekwambia nakupenda wewe. Lakini nitamwachaje kipofu? Watu watanionaje? Kazini kila mtu ananisifu kwa utu wangu, hata mama yenu ananiita malaika. Acha nimuoe kwanza. Kwani atajua nini?"

Binti akauondoa mkono taratibu. Kulia kwao, nje ya kamba, mawe yalikuwa yakiporomoka korongoni kwa upepo. Alisikia jinsi yanavyokwenda mbali kabla ya kutua.

"Sauti kwanza," akasema. "Ni mimi."

Kamba ikatikisika.

"Mpenzi, ngoja..."

"Usivue kitambaa. Sijamaliza kazi yangu."

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza. Shika fimbo. Jiwe kushoto."

"Nilikuwa natania, haki ya—"

"Inua mguu. Kuna mzizi."

Alimwongoza hivyo hivyo, jiwe kwa jiwe, bila kumkwaza hata kidole. Nyuma yake alisikia mwanamume mzima akilia. Hakuiachia fimbo.

Kibandani mwalimu alikuwa akipiga soga. Binti akalifungua fundo.

"Nimekufikisha. Mchumba wako yule pale, mwenye kukunyamazia."

"Dada," mdogo wake akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza karibu na mfamasia tangu wapande mlima.

"Kumbe sauti unayo."

"Dada, nipige ukitaka. Ila mama asijue. Presha itampanda, utamuua."

"Mimi?"

Mdogo mtu akaangua kilio. Hakuna aliyembembeleza. Binti alitamani kumshika, kwa mazoea tu, kwani ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, wakati yeye mwenyewe bado anaona. Akaitoa simu badala yake, akaisogeza mdomoni.

"Mama, mwambie fundi aweke mkasi chini. Gauni halihitajiki tena. Mimi ni mzima. Kesho uje kituoni unipokee wewe mwenyewe."

"Nisome kabla ya kutuma?" simu ikauliza.

"Tuma."

Akaketi benchini. Baada ya muda akasikia nyayo nzito zikija polepole, zikasimama mbali kidogo.

"Ni mimi, mwalimu," sauti ikasema. "Naweza kukaa?"

Ndipo machozi yakamtoka.

"Kaa, mwalimu."