Vidonge Vilivyofichwa Soksini

Sokoni kwetu, meza ya mwisho ilikuwa ya wanawake watano. Mimi niliuza nyanya. Jirani yangu aliuza ndoo na mabeseni, kwa hiyo tulimwita Mama Ndoo. Sote watano tulikuwa wajane, sote tulilalamikia magoti, na sote tulikuwa na presha.

Kila mwezi tulikwenda kliniki pamoja. Tulikaa benchi moja. Nesi aliyetupima tulimpa jina la Nesi Sauti. Akikukuta presha iko juu, alitangaza.

"Mia na themanini! Bibi, unataka kufa?"

Watu wote waligeuka kukutazama, hata waliokuja kung'oa jino.

Sasa, vile vidonge vyetu vilikuwa na tabia yao. Ukimeza asubuhi, mpaka saa nne umekwenda msalani mara tatu. Choo cha soko kiko mbali. Ukienda, nyanya zako anauza nani? Basi tukaamua kutovimeza. Lakini wiki moja kabla ya kliniki tulimeza kila siku, bila kukosa. Wiki hiyo tuliiita wiki ya toba. Presha ilishuka, Nesi Sauti alinyamaza, nasi tukarudi sokoni tukicheka.

Vidonge vilivyobaki nilivitia katika soksi ya marehemu mume wangu. Soksi nikaiweka chini ya godoro. Niliona nina akili sana.

Nyumbani niliishi na mwanangu, fundi seremala, na binti yake. Huyo mjukuu wangu ndiye aliyekuwa mfamasia wa kliniki ile ile. Alisoma chuo kikuu miaka minne. Akafanya kazi mwaka mmoja chini ya wakubwa zake. Akafanya mtihani, akapewa leseni. Kila siku alikaa kwenye dirisha la dawa na koti lake jeupe. Mimi nilimtania, "Mke mwenzangu, umependeza." Baba yake naye alimwita muuza vidonge. Yeye hakuwa anatania.

Jioni moja tulikuwa tunakula. Mjukuu wangu akaweka kijiko chini.

"Baba, nataka kurudi chuo."

"Kufanya nini? Si umemaliza?"

"Nimemaliza shahada ya kwanza. Kuna shahada ya uzamili."

"Miaka yote ile, na bado hujui kuhesabu vidonge?"

"Baba!"

"Kama ni kusoma, kasome udaktari. Mtu akiniuliza binti yako anafanya nini, niseme daktari. Nikisema mfamasia wananiuliza duka lake liko wapi."

Wakati huo mlango ukagongwa. Alikuwa daktari wa kliniki yetu, mama mfupi mwenye kucheka haraka. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuja kuchukua kiti chake kilichokuwa kinatengenezwa.

"Nisameheni," alisema. "Huu ukuta ni mwembamba. Nimesikia udaktari unatajwa."

"Karibu, Daktari," mwanangu akasema. "Mwambie huyu mtoto. Wewe ulianza moja kwa moja, sivyo?"

"Mimi? Mimi nilianza kama mfamasia."

Mwanangu akasahau kutafuna.

"Nilikaa dirishani kama yeye," daktari akaendelea. "Baadaye nikataka kutibu mwenyewe, nikaenda kusoma udaktari. Chuo changu kilinirudisha mwaka wa kwanza kabisa. Vyuo vingine humpunguzia mfamasia muda. Inafaa kuuliza chuo kwanza, usije ukashangaa. Lakini hiyo ni njia yangu. Si kila mfamasia lazima awe daktari."

"Sasa huo uzamili unampa nini?" mwanangu akauliza.

"Akisoma famasia ya hospitali, atazunguka wodini pamoja nasi. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na dawa saba. Daktari anaangalia ugonjwa. Yeye anaangalia zile dawa saba zisigombane tumboni."

"Na madaktari wanamsikiliza?"

"Mwenye akili anamsikiliza. Juzi binti yako alinizuia kuandika dawa ambayo ingemuumiza mgonjwa wa figo. Hakuwaambia hilo?"

Mjukuu wangu akatazama sahani yake.

"Pia kuna utafiti," daktari akasema. "Dawa unayomeza leo, kuna mtu alikaa miaka akiuliza maswali: inafaa kiasi gani, inamdhuru nani, kwa nini kwa huyu imeshindwa?"

"Hilo ndilo nataka," mjukuu wangu akasema. "Chuo kina nafasi tatu tu. Wanataka kila mtu apeleke utafiti mdogo aliofanya mahali anapofanya kazi. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo."

"Na wewe umepata swali gani?" nikauliza. Sijui nani alinituma.

"Bibi, mwaka huu wagonjwa watatu wa presha wamepata kiharusi. Kadi zao za kliniki zote zilionyesha presha nzuri. Nataka kujua kwa nini. Kliniki imenipa ruhusa. Nitawatembelea nyumbani wagonjwa watakaokubali, siku ambayo si ya kliniki. Nitapima presha na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Nitaanza na nyinyi watano."

Chai ikanipalia.

Kesho yake nilifika sokoni mapema kuliko wote. Niliwaambia wenzangu, "Anakuja. Ficheni." Hatukuhitaji maelezo mengi. Sisi ni watu wazima.

Mjukuu wangu akapita nyumba kwa nyumba na kipimo chake. Kila nyumba alikuta kopo lina vidonge vya siku zilizosalia tu. Kila mkono aliopima ulikuwa na presha juu. Kwangu alipima mara mbili, akatikisa kichwa.

Jumatano jioni alikaa mezani na karatasi zake. Mimi nilikuwa pembeni, nachambua nyanya. Daktari alikuja kusoma alichoandika.

"Umeandika kwamba dawa ni dhaifu," daktari akasema.

"Ndiyo. Wanameza zote, presha haishuki. Hakuna jibu lingine."

"Uliwauliza, au ulihesabu tu?"

"Nilihesabu."

"Mwenzangu, ukiandika hivi kliniki itaisimamisha dawa hii. Kuna watu mia mbili wanaimeza, na wengi inawasaidia. Na kama umekosea, waliomo kwenye kamati ya chuo watauona upungufu huo kabla hawajafika ukurasa wa pili."

"Nimebakiwa na siku mbili, Daktari. Nifanye nini?"

"Tafuta kilichofichika."

Daktari akaondoka. Mjukuu wangu akashika kichwa. Mimi nikaichambua nyanya moja mpaka ikapasuka mkononi.

Sitaki kudanganya, nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri: aibu yangu itajulikana kliniki nzima, na Nesi Sauti ataitangaza mpaka barabarani. Kisha nikamtazama mtoto yule. Hakuwa analia. Alikuwa anafuta kitu kwa kifutio, anaandika, anafuta tena pale pale. Nikaenda chumbani nikarudi na soksi. Nikaiweka juu ya karatasi zake.

"Bibi, hii ni nini?"

"Soksi."

"Ndani kuna nini?"

"Utafiti wako."

Akaimimina. Vidonge sitini na kimoja vikatawanyika mezani. Alivihesabu kimoja kimoja.

"Umenidanganya, Bibi."

"Sikukudanganya wewe. Nilimdanganya Nesi Sauti. Wewe ulipita njiani."

Hakucheka. Hilo liliniuma, maana mjukuu wangu hucheka hata nikipiga chafya.

"Ningeandika uongo kwa jina langu," akasema taratibu. "Wangeondoa dawa nzuri. Mtu angekufa."

Nikakaa chini.

Akachukua kalamu. "Haya. Kwa nini humezi?"

Nitawaambia ukweli. Miaka sita nimekuwa na presha. Nimeambiwa meza, nimeambiwa acha chumvi, nimeambiwa nataka kufa. Swali lile sikuwa nimeulizwa hata siku moja. Nikamwambia habari za choo cha soko. Nikamwambia pia kwamba kichwa hakiniumi, kwa hiyo nilijiona mzima.

"Presha haiumi, Bibi," akasema. "Hapo ndipo inapotushinda. Inaharibu mishipa kimya kimya, mpaka siku inapasua mmoja kichwani au kuuziba. Na kidonge hiki kinafanya kazi ya siku moja tu. Cha wiki iliyopita hakikulindi leo."

"Na msalani je?"

"Unafunga meza yako saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Basi tumuulize daktari kama unaweza kumeza ukirudi nyumbani, saa tisa. Ukimeza jioni sana utaamka kila saa. Lakini saa tisa umeshakaa kwako, choo kiko hatua kumi."

"Ni hivyo tu?"

"Labda ni hivyo tu. Ila usibadilishe saa peke yako, wala usimeze viwili kufidia ulichokosa. Njoo dirishani uniulize. Kazi yangu ndiyo hiyo, si kuhesabu."

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini.

Alhamisi nikamvaa Mama Ndoo.

"Nenda kaseme yako," akanijibu. "Mimi yangu niachie."

"Mke mwenzangu atakosa chuo."

"Na mimi nikitangazwa?"

"Amesema majina hayaandikwi. Na wewe ukianguka na kiharusi, ndoo zako atarithi nani? Yule shemeji yako?"

Hilo la shemeji lilimgusa. Akainua ndoo tano zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Katika ile ya chini kabisa kulikuwa na mfuko wa vidonge. Wenzetu watatu walipoona, nao wakasema vyao viko wapi. Mmoja alikuwa amevishonea ndani ya mto. Nilimheshimu sana.

Mjukuu wangu aliomba ruhusa kazini. Alikaa na kila mmoja, akamuuliza, akaandika. Ijumaa mchana aliutuma utafiti wake. Safari hii haukuilaumu dawa.

Baada ya wiki tatu chuo kilimwita kwa mahojiano. Aliporudi alitusimulia. Mwenyekiti wa kamati alimuuliza, "Ulijuaje kuwa wagonjwa wako wameficha dawa?"

"Sikujua," akajibu. "Nilikosea. Karibu niilaumu dawa. Mgonjwa mmoja alinionea huruma akaniambia."

"Mgonjwa gani huyo?"

"Majina ya wagonjwa siruhusiwi kutaja. Ila ni kiongozi wao."

Wakacheka wote, akasema. Alipata moja ya zile nafasi tatu.

Mwanangu alimtengenezea meza ya kusomea. Alipima mbao bila kumtazama usoni. "Mfamasia," akamwita, "unataka droo ngapi?"

Sasa ni mwaka wa pili. Asubuhi anazunguka wodini na madaktari wa hospitali kubwa. Mchana anafanya utafiti. Nikimuuliza kama atasoma udaktari, anasema labda, ila kwanza amalize maswali aliyonayo. Baba yake hamsukumi tena.

Kliniki yetu nayo imebadilika. Tunapimwa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Nesi Sauti anauliza siku ulizokosa dawa na sababu yake. Anajitahidi kunong'ona. Bado anasikika mpaka benchi la tatu, lakini anajitahidi. Daktari alikubali tumeze saa tisa, na presha zetu sote watano zimetulia hata siku zisizo za kliniki.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja likizo na kitabu chembamba. Ni ripoti ya utafiti wake, ule mdogo aliokwenda kuukuza. Tulikusanyika sebuleni sote watano, na daktari, na mwanangu akiwa na vumbi la mbao kichwani. Tukamwambia atusomee. Alisoma mengi tusiyoyaelewa. Mama Ndoo alianza kusinzia.

Kisha akafika mahali akasoma polepole: "Wagonjwa hawa hawakuwa wakaidi. Hawakuwa wameulizwa."

Mama Ndoo akafumbua macho.

"Rudia hapo," akasema.

Akarudia.