Shuka Jeupe la Nyuma ya Picha

Kivuli hakikuwa na sababu ya kuwepo. Taa zilikuwa mbili, moja kushoto na moja kulia, zimefungwa kwenye mipini ya fagio, na binti alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya shuka jeupe lililopigiliwa ukutani. Baba yake alizipima hatua hizo kwa futi ya fundi, si kwa macho. Hata hivyo, pichani, nyuma ya bega la kulia la binti, kulikuwa na doa la kijivu, fupi kuliko yeye, limeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza.

Baba alisonya. "Taa hizi!"

Mtaani walimwita Bwana Najifanyia, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila fundi aliyewahi kumbishia hodi. Bomba la jikoni alilifunga mwenyewe, na tangu siku hiyo maji ya moto yalitoka palipoandikwa baridi. Mlango wa chooni aliutengeneza mwenyewe, ukawa haufungi mpaka uunyanyue kwa goti. Baiskeli ya umeme aliiunda bandani kwa betri za kompyuta zilizokufa, ikawa inakwenda vizuri sana, tatizo lilikuwa kusimama. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba hiyo haina kitu kinachotumika bila maelezo.

Sasa ilikuwa zamu ya picha za pasipoti. Binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi cha ng'ambo, na bila pasipoti mkononi ndani ya wiki tatu, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Mkewe alisema waende studio, ni kazi ya dakika kumi. Yeye akacheka. Picha ya pasipoti ni nini? Ukuta mweupe, uso, na kununa kidogo. Najifanyia.

"Shuka hili umelitoa wapi?" mkewe aliuliza akiwa mlangoni.

"Nilikuwa nalo."

"Wapi?"

"Kwenye vitu vyangu vya kazi, mama watoto. Unataka nikuletee shahidi?"

Alicheka tena, lakini hakumtazama usoni.

Tuuseme ukweli sisi, maana yeye hakuusema. Shuka hilo ndilo alilofia mama yake, miezi minane nyuma, katika chumba hicho hicho. Wanawake waliomwosha marehemu walilikunja, wakampa mwanaye wakamwambia lizikwe leo hii nyuma ya nyumba. Alichimba shimo. Kisha akalipapasa lile shuka, pamba nzito, jeupe pe, na moyo wake wa kutotupa kitu ukamshinda. Akaliingiza bandani chini ya mbao, akafukia shimo tupu, akalishindilia kwa koleo, akarudi ndani na udongo mikononi. "Tayari," alimwambia mkewe. Baadaye alilifua mwenyewe, akalipiga pasi siku ambayo hakukuwa na mtu nyumbani.

Basi alikaa kwenye kompyuta akakifuta kivuli. Haikuwa rahisi, kwa kuwa kilikuwa kimegusana na bega la binti, ikambidi afute ukingo wa bega kisha aupake upya. Alipomaliza alisikia harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi. Akachungulia jikoni, akachungulia sebuleni. Pasi ilikuwa kabatini, waya wake umekunjwa.

Siku tatu baadaye, karani wa ofisi ya pasipoti alimrudishia picha zote nne.

"Mashine inazikataa, mzee. Inasema nyuso mbili."

"Binti yangu ana uso mmoja."

"Namwona. Nakuambia inavyosema mashine."

Watu kwenye foleni walicheka. Bwana Najifanyia alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu mwingine angetoka hapo akaenda moja kwa moja studio. Yeye alirudi nyumbani kusogeza taa.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali nje, watoto wa jirani wakipiga kelele uani. Mkewe alikuwa kazini. Binti alisimama mbele ya shuka, mabega yamepanda.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu ananipumulia shingoni."

"Ni feni."

"Feni haijawashwa."

"Simama wima. Usitabasamu. Tazama simu."

"Baba, naomba tuache."

"Dakika moja tu!"

Alipiga picha sita. Alizifungua kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Kwenye ya kwanza kivuli kilikuwa karibu na ukuta. Kwenye ya tatu kilikuwa kimesogea. Kwenye ya sita kilikuwa kimemfikia binti, na juu ya bega lake la kulia palikuwa na mkono, wa kijivu, vidole vitano vyembamba, umetulia kama wa mwenyeji anayempokea mgeni.

Hapo ndipo alipopaswa kulichana lile shuka. Lakini kulichana kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka jina la lile shuka, naye hakuwa tayari kulitaja. Akashika kipanya akaanza kufuta, kidole kimoja kimoja. Alipofuta cha nne, kikombe kilianguka jikoni kikapasuka.

"Nini?" aliita.

"Mkono, baba." Binti alijibu kutoka jikoni, alikokwenda kunywa maji. "Mkono wangu umekufa ganzi."

Alitazama picha. Alitazama bega alilokuwa akilifuta. Alielewa, tusimtetee, alielewa vizuri kabisa. Akafuta cha tano, akahifadhi, akaenda jikoni kuokota vigae vya kikombe, haya zimemjaa mpaka masikio yanamwasha.

Kesho yake mkono wa kulia wa binti ulikuwa unaning'inia. Hospitali waliupiga picha, wakachoma sindano, wakapima damu, wakasema hawaoni kitu. Mama alilia njia nzima ya kurudi.

"Atashikaje sindano za wagonjwa?" alisema. "Atamnyanyua nani kwa mkono mmoja?"

Walipofika nyumbani baba alijifungia kwenye kile chumba, akafungua kompyuta apate kuirudisha picha ilivyokuwa, vidole vile vitano avirudishe palepale, amwachie huyo mwenye mkono bega lake, mradi binti apone. Lakini picha aliyoikuta haikuwa aliyoihifadhi, kwa kuwa sasa binti ndiye aliyekuwa kijivu, amefumba macho, ameshikamana na ukuta, na mbele yake kimesimama kitu chenye umbo la mtu, kisafi, chenye mwanga mzuri kushoto na kulia, kisicho na kivuli hata kidogo, na uso wake ulikuwa mweupe pe, hauna jicho, hauna pua, hauna mdomo. Akaifunga kompyuta kwa kishindo, na ile harufu ya nguo mbichi na pasi ikapanda ghafla hata akahisi joto lake shavuni, na wakati bado amezuia pumzi akasikia simu yake, aliyoilaza kifudifudi mezani, ikilia ule mlio wa kamera, chak, ikanyamaza, chak, ikanyamaza, naye akaigeuza kwa ncha ya kidole kama mtu anayegeuza mdudu, akaona picha iliyopigwa dakika hiyo hiyo, na ilikuwa yake yeye, amekaa kitini, kichwa ameinamia simu, imepigwa kutoka nyuma, kutoka lilipo shuka.

Alitoka chumbani akitambaa. "Mwiteni Mama Mapazia," alinong'ona.

Mama Mapazia alikuwa mshona mapazia wa mtaa wa pili, na watu walijua kwamba majini ni kazi yake ya ziada. Alifika na tepu ya kupimia shingoni, amekasirika kwa kukatishwa kazi katikati. Kabla hajamtazama mgonjwa alilikamata pindo la shuka kwa vidole viwili.

"Pamba nzuri," alisema. "Hii haikununuliwa kwa ajili ya ukuta."

Akamkalisha binti kwenye kiti, akafunga madirisha, akaketi mbele yake magoti yakigusana. Alisoma dua zake polepole, mkono juu ya kichwa cha binti. Baada ya muda kichwa kikainama upande mmoja.

"Nani amekaa hapo?" Mama Mapazia aliuliza.

"Mgeni." Sauti ilikuwa laini, yenye adabu, na haikuwa ya binti.

"Nani alikukaribisha?"

"Sikubisha hodi. Nilitandikiwa."

Mama wa binti alijiziba mdomo. "Ni mkwe wangu?" alinong'ona. "Ni mama?"

Ile sauti ilicheka taratibu. "Bibi yule alikwenda zake, hana neno na mtu. Mimi nilikuwa napita. Nikakuta shimo limefukiwa halina kitu, na kitanda chake kipo kinaningoja. Muulizeni mwenye nyumba."

Wote wawili walimgeukia. Bwana Najifanyia alitazama sakafu.

"Nililinunua," alisema.

Mkono wa kushoto wa binti, ule mzima, ukaanza kulegea. Kidole gumba kiliteleza kutoka kwenye ukingo wa kiti, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu.

"Mzee," Mama Mapazia alisema bila kuinua sauti, "mwanao anakwisha mbele ya macho yako."

"Ni la mama!" Alipasuka. "Ni shuka la mama. Niliambiwa nilizike, sikulizika. Lilikuwa zima. Nililionea huruma. Nikafukia shimo tupu."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu kama anayejaribu kukumbuka alikutana naye wapi.

"Miezi minane namwagilia maua juu ya lile shimo," alisema. "Kila asubuhi nasimama pale nazungumza na mama yako. Na wewe ulikuwa unanichungulia dirishani."

Alikuwa akimchungulia kweli, na siku moja alimsaidia kubeba ndoo.

Binti alishusha pumzi ndefu. Mkono wa kushoto ukakaza. Wa kulia ukapanda taratibu, bega, kiwiko, mpaka kifundo. Vidole vilibaki vimekunjamana, havina uhai.

Mama Mapazia alivishika, akakunja uso. "Ameacha mguu mlangoni. Kuna neno limebaki."

"Hakuna."

"Mimi ni mshonaji, naijua nguo ambayo pindo lake halijamalizwa. Sema."

"Nimesema yote."

Hakusema yote. Siku aliyokufa mama yake, saa tisa alasiri, mkewe alikuwa amekwenda kuchukua dawa na binti yuko shule, na mgonjwa aliachiwa yeye. Alikuwa bandani akiunga betri za baiskeli. Mama yake alimwita. Akajibu, nakuja. Alimwita tena, akajibu vilevile. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, naye alikuwa amebakiza waya mmoja. Alipoingia ndani, mama alikuwa ameshapoa. Msibani aliwaambia watu kwamba mama alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanaye, na kwamba alimbariki. Watu walilia. Akalisimulia tena wiki iliyofuata, na tena, mpaka akawa karibu kuukumbuka ule mkono.

Mama Mapazia hakumlazimisha. Alilikunja shuka, wakalizika jioni hiyo kwenye lile shimo. Mke aliyang'oa maua kwa mikono yake, na mumewe aliposogea na koleo alimwambia, "Kaa huko."

Harufu ilikoma. Picha ilipigwa studio kwa dakika kumi, ofisi ikaipokea, pasipoti ikatoka. Lakini vidole vitano vya mkono wa kulia vilibaki vilevile, na chuo kilikuwa kimeandika wazi kwamba kila mwanafunzi atapimwa afya siku ya kwanza. Asiyeweza kushika atarudishwa kwao.

Siku mbili kabla ya safari, Bwana Najifanyia aligonga mlango wa binti. Alikuwa ameshika kipande cha mpira alichokichonga bandani, chenye tundu la kupitisha kalamu na mkanda wa kufunga kiganjani.

"Nimekutengenezea hiki," alisema. "Kitakusaidia kuandika."

Binti alifungua mlango nusu. Hakukipokea.

"Baba, alipokuwa ndani yangu alinionyesha kitu. Nilikuwa naona kama nimesimama mlangoni pa banda."

"Alikuonyesha nini?"

"Sema wewe. Bibi aliita mara ngapi?"

Baba alitazama nyuma, akaona ukumbi mtupu, hakuna wa kumwokoa. Alitaka kusema kwamba majini ni waongo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na binti akaona limefika, akangoja.

"Tatu," alisema.

"Ukamjibuje?"

"Nakuja."

"Ulikwenda?"

"Nilikuwa nimebakiza waya mmoja." Akakishusha kile kipande. "Sikwenda, mwanangu. Nilimkuta ameshapoa. Mkono wake sikuushika, na hakunibariki. Nilisema uongo."

Kitu kilipita katikati yao, chenye joto la pasi, kikatoka kwa dirisha lililokuwa wazi. Pazia lilipepea mara moja. Kidole kidogo cha binti kilitikisika, kikanyooka, kikafuatwa na cha pili, mpaka vyote vitano vikawa wazi, vimerudiwa na damu, vinatetemeka.

Baba alilia kwa sauti. Akanyoosha mkono wake kuushika.

Binti alikitazama kiganja chake, akakikunja na kukikunjua. Kisha akaufunga mlango kwa mkono huo huo.