Kaburi Mbele ya Dirisha la Sebule Yangu

Wanaume walikuwa wanachimba kaburi kwenye bustani yangu.

Mchana kweupe! Mbele ya dirisha la sebule, pale penye maua ya waridi.

Nilikuwa natoka Ruiru mjini, nimebeba begani kitambaa cha pazia la mteja. Kilianguka chini bila mimi kujua.

"Nyinyi! Mnafanya nini hapo?"

Hakuna aliyeinua kichwa. Mawaridi walikuwa wameyang'oa na kuyatupa kando, mizizi juu, kama vyombo vya mtu aliyefungiwa nyumba na landlord.

Kisha nikamwona Philip, kifungua mimba wa marehemu Guka Gachau, yule babu aliyetuuzia nyumba. Amesimama kwenye veranda yangu na koti jeusi.

"Pole, Mama Janice," akaniambia kwa heshima kabisa. "Baba tunamzika Ijumaa."

"Mnamzika wapi?"

"Hapa. Kwake."

Kwake!

Ndugu zangu mnaosoma, hiyo nyumba niliinunua. Hati ina jina langu na la mume wangu, Kimeu. Nilienda ofisi ya ardhi kuhakikisha. Nikaleta mpima ardhi, na mawe ya mpaka yote nikayagusa kwa mkono. Mimi ni fundi wa mapazia. Kushona nilijifunza peke yangu, na sikati kitambaa kabla sijapima mara mbili. Hii nyumba nilipima kila kitu.

Isipokuwa kitu kimoja.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo…

Mtaa wetu unaitwa Bramley Close, uko Gitothua, huku Ruiru. Ni nyumba chache tu, safu mbili zinazotazamana, paa zake zimeinuka kwa mteremko mkali kana kwamba zinangoja theluji. Kila nyumba ina bomba la moshi ambalo halijawahi kutoa moshi. Ndege wamejenga humo.

Siku ya kuhamia huko, Mwas wa boda alinicheka.

"Madam, unaenda UK?"

"Naenda Bramley Close."

"Si ndio UK! Huko hata kuku haziruhusiwi. Umebeba paspoti lakini?"

Nilicheka na mimi. Roho yangu ilikuwa nyeupe! Tulikuwa tumeishi Mwihoko miaka mingi, chumba kimoja, binti yetu Janice upande mmoja na sisi upande wa pili. Nilishona mapazia ya majumba ya watu, na langu la pekee lilikuwa la kugawanya chumba.

Bramley ina sheria zake. Nguo zisianikwe mbele. Mahindi na sukuma wiki marufuku. Bustani ya mbele iwe na maua na isiwe na ukuta.

"Kama Uingereza kabisa," alisema Lynn, mwenyekiti wa wakaazi, ambaye aliwahi kusomea huko na hajawahi kurudi vizuri.

Guka Gachau ndiye aliyekuwa na hilo shamba lote zamani. Aliwapa wajenzi, wakajenga, wakamwachia nyumba moja aichague mwenyewe. Alichagua ya kona. Alipozeeka peke yake akaamua kuiuza. Walikuja watu wa magari makubwa. Akawakataa wote.

Sisi tulifika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Wewe mama," akaniuliza, "hapa mbele ungefanya nini?"

"Ningeacha vile pako, Guka. Haya maua ni mazuri."

"Basi nyumba ni yako."

Njiani Kimeu hakutulia.

"Mzee amekataa watu wa magari, akapenda sisi wa miguu? Ndunge, muulize ni kwa nini."

"Labda ametupenda tu."

"Muulize!"

Sikuuliza. Mtu wa umri wa baba yako huwezi kumhoji kama polisi. Ndivyo nilivyolelewa.

Aliomba jambo moja tu. Aachwe akae kwenye kile chumba cha nyuma, cha mfanyakazi, hadi Mungu amwite. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Na nilimpenda yule mzee! Uji wake wa asubuhi ni mimi. Shuka zake nilifua pamoja na zetu. Jumapili akitoka kanisani hakuvua koti. Alichukua kopo la kumwagilia, akayanywesha yale mawaridi polepole, midomo ikienda. Nilidhani anaomba. Janice alizoea kukaa kwenye ukingo wa mawe wa hayo maua akifanya kazi ya shule.

Siku moja nilishika jembe nipande dhania kidogo ya mchuzi hapo katikati, kwa kificho Lynn asione.

"Mama Janice! Hapo usiguse!"

Hakuwa amewahi kunipigia kelele.

"Guka, ni dhania tu…"

"Ni hii sheria ya Lynn," akasema haraka. "Italeta maneno."

Tangu lini Guka akamwogopa Lynn? Swali lilinijia. Nikaliacha lipite.

Magoti yake yalipokataa, kazi ya kumwagilia akanipa mimi. Na siku ya mwisho, hospitalini Thika, alinishika mkono.

"Mama Janice… maua."

"Nitayamwagilia, Guka."

"Apa."

Nikaapa.

Sasa turudi pale kwenye veranda.

"Philip, baba yako aliniuzia hii nyumba. Na ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Hata chai ulitupikia."

"Sasa?"

"Sasa mtu huzikwa kando ya mke wake."

"Mke gani?"

Kabla hajanijibu, sururu iligonga kitu. Ko!

Ilikuwa saruji.

Wachimbaji wakaacha kazi. Mmoja alivua kofia, akapiga magoti, akafuta udongo kwa kiganja. Herufi zikatokea. Zilikuwa zimechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi.

MAGDALENE.

Na msalaba.

Ngai! Nilikaa chini palepale, juu ya kitambaa cha mteja.

"Ni mama," Philip akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Alizikwa hapa hizi nyumba zikiwa hazijafikiriwa. Baba alichagua kona kwa sababu yake. Akamfunika na udongo, akapanda maua. Angesema ukweli, nani angenunua?"

Mimi si mtu wa huku. Kwetu ni Matuu. Aliyezaliwa Gitothua angewauliza wazee wa hapo, na wangemwambia. Mimi niliuliza ofisi. Na ofisi haijui waliolala chini.

Kimeu alifika kutoka kazini. Akatazama shimo. Akatazama saruji. Kisha akatazama kopo la kumwagilia lililokuwa kando ya mlango.

"Ndunge… umekuwa ukimwagilia marehemu."

Janice akaanza kulia. "Na mimi nilikuwa nakula mkate nikiwa hapo!"

Lynn alikuja mbio na malapa.

"Hii ni Close! Huwezi zika mtu kwa Close! Watu watasemaje?"

Tuliita msaidizi wa chifu, mzee mmoja anaitwa Njau. Alisoma lile jina, naye akavua kofia.

"Mama, hati ni yako," akaniambia. "Ukienda kortini unaweza kuwazuia, sikufichi. Lakini marehemu atakaa mochari mpaka kesi iishe. Na hizi kesi za maziko…"

Becky, dada yake Philip, alikuwa amesimama nyuma ya kaka yake. Akanigeukia.

"Atalala kwa friji, Mama Janice. Wewe ndio utaamua."

Kimeu alinivuta kando.

"Usikubali! Wakimweka hapo, hii si nyumba yetu tena. Watakuja kila sikukuu. Hatutaiuza, hatutaifurahia. Usikubali!"

"Nilimwapia mzee, Kimeu."

"Ulimwapia maua! Hukumwapia kaburi!"

Alisema kweli. Hata leo siwezi kumpinga. Lakini nilikuwa nimeshamwona Guka ndani ya ile droo ya baridi na koti lake la Jumapili, miaka ikipita, kwa sababu yangu.

"Mzikeni," nikasema.

Kimeu hakunipigia kelele. Laiti angepiga! Alikunja nguo zake vizuri, akakunja za Janice, akamshika mtoto mkono.

"Ukichoka kukaa na wafu, unajua tulipo."

Wako Mwihoko, ploti ileile. Nasikia wamepata chumba kimoja, na katikati wameweka pazia. Hata hilo si mimi niliyelishona.

Nilijaribu kuuza. Wanunuzi huja. Husifu paa, husifu jikoni, hukaa hata kwenye kochi. Kisha mmoja anavuta pazia la sebule apate mwanga… misalaba miwili. Kuna bwana alirudi nyuma na gari mpaka getini, hakugeuza. Majirani wamepanda ua mrefu wa miti upande wangu, wasione makaburi. Na Mwas haniulizi tena paspoti. Ananishusha nje, anageuza pikipiki bila mzaha wowote.

Mnafikiri hayo ndiyo yaliyonimaliza? Bado.

Juzi Philip na Becky walileta miche mipya ya waridi. Becky nilimsaidia kupanda. Mikono ikiwa kwenye udongo, nikaona nimuulize lile swali la Kimeu. Lile la siku ya kwanza.

"Becky, kwa nini baba yenu alituchagua sisi? Wale wa magari je?"

"Wale? Mmoja aliuliza ataegesha wapi. Mwingine akauliza mbona maua yamepandwa mbele ya dirisha, na akataka kujua chini kuna nini. Baba akawafukuza."

"Na mimi?"

Alipapasa udongo kwenye shina la mche.

"Usimchukie mzee, tafadhali. Ile jioni alitupigia simu na furaha! Akasema, 'Nimepata mama mmoja mpole sana. Huyo hawezi kuuliza.'"

Jamani…

Nilikuwa najivunia kuchaguliwa. Nilidhani aliona moyo wangu. Na kweli aliuona!

Nilikuwa bado nimepiga magoti nikasikia Philip akipima kwa hatua upande wa pili wa kaburi.

"Mama Janice," akaita, kama mtu anayeomba chumvi, "hapa pembeni pia si utatuachia? Mimi na Becky hatuna kwingine."

Sikujibu. Akainamisha kichwa kunishukuru. Kimya changu amekichukua kuwa ndiyo, kama baba yake alivyokichukua.

Mpaka leo sijui nimwite Guka tapeli, au mzee aliyeogopa kulala mbali na mke wake. Siku zingine namwona hivi, siku zingine vile. Nikimwona vyovyote, hali ya nyumba yangu haibadiliki.

Lakini wewe unayetafuta nyumba, hasa ugenini, ukitoka ofisini usiishie hapo. Mtafute jirani mzee kuliko wote, kaa naye, muulize ni nani amelala kwenye hilo shamba. Muuzaji akikukataza kugusa mahali, muulize sababu. Muulize hata akiwa na mvi. Muulize hata kama unampenda… hasa kama unampenda. Heshima haikatazi mtu kuuliza. Mimi nilifikiri inakataza, na sasa naishi na wawili, nikingoja wengine wawili.

Leo ni Jumapili. Jua ni kali na miche bado haijashika.

Niliapa.

Wacha nikachukue kopo.