Ngazi Tano za Heshima

Kila asubuhi Bibi Mkunga alioga, alivaa, kisha alimsuka mjukuu wake nywele. Yote hayo aliyafanya akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimchukulia miguu. Ulimi wake ulibaki mkali.

Mjukuu alikuwa na miaka saba. Misuli ya miguu yake ilikuwa dhaifu tangu azaliwe, hivyo alitembelea magongo.

"Bibi, ni leo?"

"Ni leo. Tulia, unanipotezea mstari."

Siku hiyo kanisa lilifungua nyumba ya mapumziko ya watoto wagonjwa na wazee. Wageni wangekaa wiki moja, wale vizuri na kunyooshwa viungo. Bibi na mjukuu wake walikuwa wageni wa kwanza. Baba wa mtoto, fundi mwashi, ndiye aliyeijenga. Bibi alijivunia mwanawe mpaka alipofika mlangoni. Hapo aliona ngazi tano.

"Hizi za nini?"

"Kamati ilitaka zifanane na za kanisani, mama. Ni heshima. Usijali, wanaume wanne watakubeba."

Wakambeba. Kiti kiliyumba. Gauni lilipanda juu ya magoti mbele ya watu, nao wakapiga makofi. Bibi aliona aibu, kisha hasira zikampanda.

Ndani alitaka kwenda chooni. Mlango ulikuwa mwembamba, kiti kikagota. Bibi akarudi nyuma, mjukuu akajaribu kuingia. Alikanyaga sakafu yenye maji, akateleza, akatafuta pa kushika. Hapakuwa na kitu. Akaanguka, akalia.

"Turudisheni nyumbani!" Bibi alifoka. "Nusu ya watu hawa nimewazalisha mimi. Leo nibebwe chooni kama gunia?"

"Mama, taratibu. Watu wanasikia."

"Wasikie! Umejenga nyumba ya wagonjwa, na mgonjwa hapiti. Nyumbani nalala chumba cha pili kutoka chako, mwanangu. Uliniuliza?"

Mwashi aliinamisha kichwa. Hakuwa amemuuliza.

"Tusamehe, mama," Mchungaji alisema. "Kamati ilifanya kwa upendo."

"Kwenye kamati kuna nani wa kiti au magongo?"

Mchungaji alifikiri. Hakukuwa na hata mmoja.

"Basi nishusheni kwenye benchi. Wewe kaa kwenye kiti changu, uende chooni. Mguu usiguse chini."

Mchungaji alikaa. Alisukuma, akagonga mlango, akarudi nyuma, akagonga tena. Jasho lilimtoka. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema mama mmoja, mtaalamu wa viungo aliyeajiriwa pale. Alimgeukia mwashi. "Kando ya ngazi jenga njia ya mteremko. Kwa kila shubiri moja ya kimo, urefu uwe shubiri kumi na mbili."

"Itakuwa ndefu mno!"

"Ndefu inapitika. Fupi inamrudisha mtu nyuma na kumwangusha. Katikati weka sehemu tambarare ya kupumzikia. Mlango wa choo uwe sentimita tisini, ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani, hatauziba. Ndani acha mita moja na nusu ya kugeuza kiti. Ukutani weka vyuma vya kushikilia. Na sakafu isiteleze."

"Na kabla ya yote," Bibi alidakia, "muulizeni atakayeingia!"

Ufunguzi uliahirishwa. Bibi aliingia kwenye kamati, akaja kazini kila siku na kinyongo chake. Mteremko wa kwanza ulipokamilika, mjukuu aliupima kwa shubiri.

"Nane tu kwa moja, Bibi."

"Mama, tofauti ni ndogo," mwashi alisema.

"Panda wewe na kiti changu."

Alipanda. Katikati mikono ilimwishia, kiti kikaanza kurudi. Akashuka, akachukua nyundo, akabomoa mwenyewe.

Baada ya wiki sita nyumba ilifunguliwa. Bibi alipanda mteremko kwa mikono yake mwenyewe. Mjukuu alimfuata, mkono mmoja kwenye gongo, mwingine kwenye chuma cha pembeni mwa mteremko. Hakuna aliyewabeba.

Bibi alipita moja kwa moja hadi chooni, akafunga mlango. Mwashi alisimama nje. Dakika zilipita. Akashindwa kuvumilia, akabisha.

"Mama, nikusaidie?"

"Nani kakuita?" Bibi alijibu kutoka ndani. "Nenda kapokee wageni!"