Nusu ya Firigisi

"Kaka, huyo ni kuku au mwanao?"

Khairat hakukusudia kusema kwa sauti, lakini maneno yalishamtoka, na soko la Majengo asubuhi halina siri. Wauza nyanya wawili wakageuka. Mwanamume aliyeulizwa naye akageuka, taratibu, kwa tahadhari ya mtu aliyebeba sahani za watu. Alivaa shati la rangi ya maziwa lililopigwa pasi likanyooka, na raba zilizojaa vumbi jekundu. Kwapani mwake alikaa tetea mweusi mwenye madoa, mguuni ana kitambaa cha bluu, anawatazama wapita njia utadhani yeye ndiye aliyekuja kununua watu.

"Angekuwa mwanangu," mwanamume akajibu, "ungenisaidia kumbeba?"

"Mie? Nimekuja kununua kuku wa kupika, sikuja kulea."

"Basi tumekutana pazuri. Mimi nalea, wewe unapika."

Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Khairat, mwanamke wa mjini asiyeyumbishwa hovyo na maneno ya sokoni, alijikuta anarekebisha mtandio wake wa zambarau ambao haukuwa umekaa vibaya hata kidogo.

Jina lake Abdulnasiri. Alifuga kuku kijijini Haneti, wakiparua mashamba ya mtama kutwa nzima, na kila alipowaleta mjini aliwapakia kwenye matenga mapana, wamekaa. Kuku wengine wote pale sokoni walikuwa wamefungwa miguu na kuning'inizwa kwenye baiskeli.

"Waone," akasema, na utani ukamtoka usoni. "Vichwa chini tangu wametoka kijijini. Tumefundishwa kumpa maji kabla ya kumchinja, kisu tusimwonyeshe, wala tusimchinje mbele ya mwenzake. Sasa utamning'iniza njia nzima, halafu ukifika ndiyo unamkumbuka kwa kikombe cha maji?"

Khairat aliwageukia kuku wale. Maneno hayo alifundishwa madrasa tangu mdogo, na kila asubuhi alinunua kuku wa kwenye baiskeli kwa ajili ya mgahawa wake wa Area D. Hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Aliona aibu, kisha akaona hasira kidogo kwamba aliyemtia aibu ni mzuri wa sura.

"Bei gani?"

Akamtajia. Khairat akashika kiuno.

"Kwa bei hiyo anakuja na mahari yake?"

"Anakuja na namba ya simu ya mfugaji."

Alimnunua. Namba akaihifadhi.

Simu zikaanza. Asubuhi kabla hajakanda chapati, jioni akishafunga mgahawa.

"Umeamkaje, mfugaji?"

"Nimeamshwa na jogoo. Natafuta mwenye sauti nzuri kuliko yake."

"Tafuta redio."

"Redio hainipikii, laazizi."

"Weee! Laazizi tangu lini?"

"Tangu ulipouliza kama ni mwanangu."

Khairat alikata simu akicheka peke yake jikoni, na Anyesi, mpishi mwenzake, akatikisa kichwa. Alipenda, jamani. Alipenda mpaka chumvi akawa anaisahau. Wiki hiyo hiyo akaacha kuku wa kwenye baiskeli, akachukua wa Abdulnasiri tu, akatundika kibao mlangoni, herufi nyekundu: KUKU WETU WAMETEMBEA. Abdulnasiri alipokiona alisimama barabarani akakipiga picha, akaituma kwa jamaa zake wote.

Lakini kuku aliyetembea ana gharama, na gharama hiyo ilihamia kwenye sahani. Watumishi wa wizarani walilipa huku wakisifu ladha. Hashimu, dereva bajaji aliyekula pale tangu mgahawa ukiwa meza moja, alisimama mbele ya kaunta akakuna kichwa.

"Dada Khai, kuku nawahurumia, wallahi. Sasa mimi nani ananihurumia? Nipe wali maharage."

Siku zilizofuata akawa anaomba mchuzi mtupu. Baadaye hakuja tena, wala wafagizi wa hospitali hawakuja, wala wanafunzi.

"Dada," Anyesi akamwambia, "kuku wako wametembea, na wateja wako nao wanatembea."

Khairat alilala na neno hilo likimchoma. Kesho yake akafanya jambo ambalo hakumwambia Abdulnasiri. Alinunua kuku wa banda, wale wanaojazwa mahali pamoja, taa inawawakia usiku na mchana, wanakua haraka mpaka miguu inashindwa kuwabeba. Akaweka sufuria mbili jikoni: ndogo ya kuku wa Haneti kwa wenye uwezo, kubwa ya kuku wa banda kwa bei ya zamani. Kibao hakukigusa. Alijiambia kwamba kibao hakikusema wote.

Na Abdulnasiri, kama ilivyo ada ya wanaume, akachagua siku hiyo ya kuja bila taarifa. Aliingia mchana, kofia mpya iliyotariziwa kichwani, manukato yamemtangulia. Ilionekana wazi ana neno. Anyesi, kwa furaha ya kumwona shemeji, akachota sufuria iliyokuwa karibu, na juu ya sahani akaweka firigisi. Firigisi haipewi kila mtu. Nyumbani hula baba, ugenini hula mgeni wa heshima. Khairat aliwapikia wanaume firigisi maisha yake yote, yeye hajawahi kuionja.

Abdulnasiri akaing'ata. Ikalainika mdomoni kama kiazi cha kuchemsha. Akaacha kutafuna.

"Khairat," akaita polepole. "Huyu kuku hajawahi kuparua ardhi."

Khairat akaona Anyesi amechota sufuria kubwa, ya kuku wa banda.

"Nilitaka kukwambia."

"Kibao kinasemaje pale nje?"

"Abdul, watu wangu walishindwa! Hashimu alikuwa anakula mchuzi mtupu!"

"Ungekishusha. Ungewauzia unachotaka, lakini ungekishusha. Nimewaonyesha watu kibao chako kwa fahari."

"Wewe unalisha wenye mishahara, ni rahisi kuwa mwema! Mimi nalisha mtaa!"

Abdulnasiri alisimama, akanawa mikono, akaondoka na neno lake alilokuja nalo. Khairat akapiga simu jioni, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga asubuhi, vilevile. Kibao alikishusha mwenyewe akilia, kwa kuwa kuhusu kibao yule mwanamume alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma.

Ndipo siku moja, pale pale Majengo, akaona baiskeli ya mchuuzi imesheheni kuku, miguu juu, vichwa chini, midomo wazi kwa jua. Miguuni wana vitambaa vya bluu.

Khairat akasogea. Akainama kuwaangalia vizuri. Mmoja alikuwa mweusi mwenye madoa, kabila moja na yule wa kwapani. Akapiga picha, akaituma. Simu ikaita hapo hapo.

"Khairat, uko wapi?"

"Niko na wanao. Unawajua hivi walivyo, au niwageuze uwaone nyuso?"

Abdulnasiri alishusha pumzi ndefu.

"Wamezeeka. Hawatagi tena, nyama ngumu, kwa bei yangu hakuna anayewataka. Kiangazi kimekaza, chakula hakitoshi. Mchuuzi alikuja, nikampa. Nilimwambia awabebe vizuri."

"Na hukumfuata kuangalia."

"Sikumfuata. Nilijua."

"Kwa hiyo mimi mwongo wa kibao, wewe mwongo wa baiskeli."

"Ndiyo," akasema Abdulnasiri. "Nilikuwa naona aibu kupokea simu zako. Nifanye nini?"

Khairat alishaanza kucheka na machozi yanamtoka, maana jibu alikuwa analitazama pale pale, limening'inia.

"Vikongwe wako wote niuzie mimi, kwa bei hiyo hiyo uliyompa huyu. Na waje wamekaa."

Akawanunua wote wa kwenye baiskeli, akawafungua, na nje ya soko akamkuta Hashimu anasubiri abiria.

"Hashimu, nipeleke Area D. Mimi na wenzangu."

"Dada Khai, kuku kwenye kiti cha nyuma?"

"Nauli nalipa."

"Karibuni abiria," Hashimu akasema, akawafunika kwa kanga ili wasishtuke.

Kuku mzee hakaangwi. Kesho yake Anyesi aliwabandika kabla ya jua kutoka, moto mdogo, tangawizi, ndimu, mpaka supu ikawa nzito na harufu ikafika kituo cha bajaji. Kuku mmoja alitoa mabakuli mengi ambayo kuku wa banda hawezi kuyaota. Sufuria ya kuku wa banda ikaondoka jikoni. Kibao kikarudi na maneno mapya, maana vikongwe hawapatikani kila siku: LEO SUPU YA KUKU WALIOZEEKA WAKITEMBEA. SIKU NYINGINE KUNDE. Watu wakacheka, wakaingia, wakalipa bila kukuna vichwa.

Abdulnasiri alifika mchana na tenga la vikongwe begani, wamekaa, shati lile lile la rangi ya maziwa. Mgahawa mzima ukageuka kumtazama, kwa maana mtaa ulikuwa na habari zote. Anyesi akamwekea bakuli na firigisi.

Abdulnasiri akaomba kisu. Akaikata firigisi kwa shida, ikateleza, akaikata tena. Nusu akaiweka kwenye sahani ya Khairat.

"Ee!" Hashimu akaruka. "Firigisi kwa mwanamke?"

"Kwangu italiwa na wawili," Abdulnasiri akasema, masikio yamemwiva. "Hilo ndilo neno nililokuja nalo siku ile. Khairat, unakubali?"

Khairat aliitazama ile nusu. Akaitia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Amesemaje?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Bado anatafuna," Hashimu akajibu.

Abdulnasiri alikuwa anatoka jasho. Khairat akaihamishia shavu la pili, macho yanamcheka, hakuharakisha hata kidogo. Mwishowe akameza, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio.

"Ngumu," akasema.

"Khairat, nihurumie! Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Barua ya posa ipeleke kwa baba, Majengo." Vigelegele vikaanza, akavinyamazisha kwa mkono. "Na kuku wa harusi, Abdul, uwalete mwenyewe."