Pikapu ya Kijani Iliyogonga Asubuhi

Watu wa Nyamitanga, mjini Mbarara, walimjua Buruhan kwa bisibisi yake ndefu. Mafundi wengine wakisikia kelele walifumua injini nzima kwa kubahatisha. Yeye aliweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, akatulia, kisha akataja ugonjwa. Watu walisema hajawahi kukosea, naye aliwaacha waseme.

Asubuhi moja ya Julai 1987, Eriya, mchuuzi wa maziwa kutoka Bwizibwera, alimletea pikapu kuukuu ya kijani, nyuma imefunikwa turubai.

"Fundi, hii gari inasumbua mimi sana. Asubuhi ikiwa baridi inagonga, ko, ko, ko. Ikipata moto inanyamaza. Mafundi wawili wameshindwa."

Buruhan alikuwa anafuta mikono. Akaacha. Rangi ile ilikuwa ngeni kwake, lakini kitasa cha mlango wa dereva alikitengeneza yeye mwenyewe kwa kipande cha nondo. Enzi zake gari lile lilikuwa jeupe. Alikwenda kuliuza Masaka, kwa mtu asiyemjua, wiki moja baada ya kumzika mkewe.

"Iache ilale hapa," alisema. "Injini lazima ipoe kabisa."

Mkewe aliitwa Saudah. Alikuwa akiuza mitumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na Buruhan ndiye aliyemwendesha. Safari yao ya mwisho, walipokuwa wanaondoka alfajiri kurudi Mbarara, walimkuta Mama Feza, mkimbizi mzee kutoka Kongo, anatetemeka kwa homa na anatafuta gari la kumfikisha hospitali. Kebini ilikuwa na nafasi ya watu wawili tu. Saudah akampa kiti chake, akapanda nyuma kwenye marobota. Mvua ilikuwa inanyesha, hivyo Buruhan alimfunika kwa turubai na kulikaza kwa kamba.

"Ukitaka nisimame, gonga bodi," alimwambia, kama dereva yeyote anavyomwambia abiria wa nyuma.

Saudah akacheka. "Nitagonga mpaka uchoke."

Hawakwenda mbali, Mama Feza akageuka. "Papa, kuko kitu inagonga."

"Ni injini, mama. Iko baridi. Ikipata moto itanyamaza."

Na kweli ikanyamaza. Buruhan akapiga usukani kwa furaha. "Umesikia?"

Walipofika Mbarara alifungua kamba, akamkuta Saudah amekufa. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka chini ya bodi. Alilijua tundu hilo. Alikuwa amepanga kuliziba wiki ile. Moshi ulipenya sakafuni ukakosa pa kutokea. Watu walimwambia ni mipango ya Mungu. Yeye hakumweleza mtu habari ya ule mlio, kwa sababu hata yeye hakuwa na hakika. Injini ile ilikuwa na kawaida ya kugonga kila ikiwa baridi. Hilo ndilo lililomla moyo miezi yote ile: hakujua kama siku ile alisikia injini au alimsikia mkewe.

Kesho yake kulipopambazuka aliinua boneti ya pikapu ya Eriya, akawasha.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Injini haipumziki namna ile. Akaweka bisibisi kwenye valvu. Safi. Kwenye pistoni. Safi. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akiusogelea ule mlio, mpaka ukuta wa nyuma wa kebini. Akategea sikio.

Ilikuwa pete ya kidoleni. Pete kwenye bati.

Injini ilianza kupata moto. Mlio ukalegea. Mara mbili. Kimya kirefu. Mara moja. Ndivyo ulivyolegea siku ile, na yeye akafurahi.

Akazima injini.

Mlio haukukoma.

Alikimbia nyuma. Fundo la turubai alilifungua kwa meno. Akalifunua lote. Ndani mlikuwa na makopo mawili ya maziwa, matupu. Lakini kwenye ukuta wa kebini, usawa wa bega la mtu aliyekaa, rangi ya kijani ilikuwa imebanduka madoa matatumatatu, na vipande vilikuwa bado vinadondoka.

"Nimesimama, Saudah," alisema, na kilio kikamshinda. "Nimesimama, mke wangu. Shuka."

Eriya alipokuja alimkuta amekaa chini, macho mekundu.

"Umepata ugonjwa, ssebo?" aliuliza kwa heshima.

"Nimeupata."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa inataka kufunguliwa tu."

Eriya hakuelewa, lakini gari halikugonga tena asubuhi yoyote.

Siku hiyohiyo Buruhan alirudi nyumbani, akavuta sanduku la chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na kopo dogo la ugoro, na ndani ya kopo, pete ya fedha ya Saudah. Wanawake waliomwosha ndio waliomvua na kumpa. Kopo hilo alilifunga siku ya mazishi, na tangu hapo hakuwa na moyo wa kuligusa.

Akabandua kifuniko. Pete ilikuwamo. Kwenye ukingo wake ilikuwa imeshika rangi ya kijani ya lile gari, ambayo Saudah hakuwahi kuiona.

Kopo lile liko dirishani kwake hadi leo. Hakulifunika tena.